Alama Arobaini na Moja

Kwa miaka ishirini na mitatu Mama Nyuzi alilipwa asante. Asante ya kushikwa mkono, asante ya kutikisiwa kichwa kutoka mbali, asante ya chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Hakulalamika. Kazi ya kujitolea ni ya kujitolea, na hakuna aliyemshika shati. Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa na lake, na hilo lake lilisimama ghalani, limeegemezwa ukutani, limefungwa magunia manne na kukazwa kamba aliyoisokota kwa mikono yake mwenyewe.

Mahali penyewe palikuwa kiwanda cha kamba, zamani. Kiwanda kilipokufa, vikabaki mabanda, safu za vyumba vya wafanyakazi na bomba refu la moshi ambalo ndege walilifanya lao. Wakaja wastaafu na wajane wa mtaani na mapanga na mafagio, wakafyeka, wakafukuza nyoka, wakaziba paa. Ndipo ikazaliwa ile waliyoiita bustani ya historia hai. Leo watu hukata tiketi, huona fundi chuma akifua msumari, huona nyuzi tatu zikisokotwa kuwa kamba moja, hupiga picha, huondoka. Wanaojitolea huvaa nguo za enzi ile na kuongea kana kwamba enzi ile bado ipo. Sheria ni moja, imebandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa herufi kubwa: HAPA MWAKA HAUSOGEI.

Mwaka wenyewe ulichaguliwa na kamati, kwenye mkutano wenye soda na korosho. Walichagua mwaka mmoja kabla ya moto.

Uangalie vizuri ujanja huo. Ukiishi mwaka mmoja kabla ya moto, moto haujatokea. Mgeni akikuuliza, unakunja uso na kusema, "Moto gani tena, bwana?" Na yeye anacheka, kwa sababu umeigiza vizuri.

Moto ulitokea. Chumba cha kuchambulia nyuzi kilikuwa mwisho wa safu, na ndani yake walifanya kazi wanawake saba, kila mmoja na chanuo lake la chuma lenye meno marefu kama vidole. Nyuzi kavu, vumbi la nyuzi hewani, dirisha moja la juu lenye nondo. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje. Msimamizi alilifunga asubuhi na kulifungua kengele ya mchana, ili wanawake wasitoketoke kwenda chooni wala wasifiche nyuzi chini ya nguo. Siku ile moto ulianza saa nne asubuhi. Kengele ya mchana hulia saa sita.

Ripoti ya kampuni ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Ilisema mlango ulikuwa wazi, na kwamba wanawake waliingiwa na hofu wakakimbilia upande usiokuwa na mlango. Mtu ana macho mawili, amefanya kazi kwenye chumba kilekile miaka sita, eti anakimbilia ukuta! Lakini ndivyo ilivyoandikwa, ikapigwa muhuri. Wenye kiwanda walikuwa na kalamu. Wanawake walikuwa na machanuo, na wao pia waliandika. Waliandika kwa ndani ya mlango, mahali ambapo komeo lilikuwa limekaa upande wa pili: alama arobaini na moja, nyingine fupi, nyingine zimezama hadi kidole kinaingia. Chini kabisa, kwenye kimo cha mtu aliyepiga magoti, zilikuwa nne pamoja, zote zimelala kushoto. Hizo Mama Nyuzi alizijua ni za mama yake. Mama yake alitumia mkono wa kushoto.

Yeye alikuwa na miaka tisa. Aliambiwa asubiri nyumbani, akasubiri.

Mlango haukuungua wote. Ulikuwa mti wa maana, unene wa vidole vitatu. Moto uliutia weusi ndani na kuuacha. Mama Nyuzi aliukuta ule mwaka wa kwanza wa kusafisha, umelazwa juu ya matofali kama rafu ya makopo ya rangi. Aliutambua kwa komeo, na kwa kifundo kimoja cha mti kilichofanana na jicho la ng'ombe, ambacho akiwa mtoto alikuwa akikigusa kila akimsindikiza mama yake kazini. Aliondoa makopo moja moja. Akahesabu. Akaketi chini.

Alimwonyesha meneja wa kwanza peke yake. Meneja yule akamwambia, "Mama, huu siku moja utasimama mahali pa watu kuuona, na majina saba juu yake. Lakini twende taratibu. Familia ya mwenye kiwanda ndiyo inayotushika mkono. Tusiwashtue." Basi wakaenda taratibu. Meneja wa kwanza akahama, wa pili akahama, wa tatu akaja na viatu vya kung'aa. Kila mmoja alirithi funguo, hakuna aliyerithi ahadi. Huyu wa tatu Mama Nyuzi alimgusia mara mbili ukumbini, habari ya mlango wa zamani na majina saba, naye akajibu, "Nitaliangalia hilo, mama," huku akiangalia simu.

Kumwonyesha hakumwonyesha. Aliogopa. Aliwaza kwamba siku mtu wa familia ile akijua mlango upo, mlango hautakuwepo. Kwa hiyo akaufunga magunia, akaugeuzia uso ukutani, na akanyamaza hata kwa wenzake. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na lisemwe, kwa maana yeye mwenyewe alilisema baadaye mpaka mate yakamkauka. Aliuficha vizuri mno.

*

Siku ya sherehe ya kuwaheshimu wafadhili na wanaojitolea, binti yake alimpigia pasi gauni la kazi, lile la kitambaa kigumu lenye namba 212 kifuani. Ilikuwa namba ya mama yake. Kwa miaka ishirini na mitatu Mama Nyuzi alikuwa akimwigiza mama yake mzazi, na kwenye karatasi za bustani nafasi hiyo iliitwa "mchambuaji wa nne".

"Mama, hii namba imeanza kung'oka."

"Ishone."

"Naishona. Nauliza tu, nyie mnajitolea kazi, wao wanajitolea nini?"

"Leo wanajitolea kunisikiliza. Nimepewa dakika tatu."

Binti akaweka pasi chini. "Dakika tatu! Miaka yote hiyo! Hata kinyozi akikunyoa anakusikiliza zaidi."

"Kinyozi hana kipaza sauti," alisema Mama Nyuzi, akakunja karatasi yake mara nne na kuitia kifuani. Ilikuwa na majina saba. Alikuwa ameamua. Leo mwaka ungesogea, wapende wasipende. Angeyasoma majina, angesema komeo lilikuwa upande gani, kisha angemwomba Fundi Randa, seremala wa bustani, na wanaume wengine wawili wakaulete mlango, mbele ya watu mia mbili na waandishi wa habari. Mbele ya macho mengi hivyo nani angeuficha tena?

"Na ukimaliza wakisema ni uongo?" binti aliuliza.

"Maneno yangu watasema ni uongo. Mlango hauna mdomo wa kubishiwa."

Alifika mapema, akaenda moja kwa moja ghalani. Kufungua, ukuta mtupu. Magunia manne yalikuwa yamekunjwa vizuri, yamepangwa, na kamba yake imezungushwa juu kama mtu aliyefungasha kwa heshima. Akatoka nje, akamkuta Meneja anahesabu viti.

"Mwanangu, ghalani kulikuwa na mlango."

"Vitu vya ghalani Fundi Randa ameshavishughulikia, mama. Ubao wa heshima tumetumia vya humuhumu ndani, hatukununua kitu. Utafurahi mwenyewe."

"Na majina yapo?"

"Majina yote yapo. Nenda kakae, kiti chako mstari wa pili."

Majina yote yapo. Msimlaumu mwanamke wa miaka sitini na tisa kwa kusikia alichokuwa akikisubiri. Alikwenda kukaa, moyo unamdunda kama wa bibi harusi, na akajilaumu kidogo kwa yote aliyowahi kusema juu ya viatu vya kung'aa.

*

Sherehe ilifanyika kwenye banda refu la kusokotea. Mstari wa mbele viti vilikuwa na mito. Huo wa wafadhili. Mstari wa pili viti vitupu. Huo wa waliofyeka. Mbele, kitu kirefu kilifunikwa kitambaa cheupe, kimening'inia kwa ndoano mbili za chuma.

Fundi Randa akaja kujibwaga pembeni yake. Alikuwa seremala mstaafu kutoka mji mwingine, amejitolea pale miaka kumi na moja, na kwa kuwa marehemu mkewe alikuwa na jina moja na Mama Nyuzi, alimwita shemeji na kumchokoza bila huruma.

"Shemeji, umependeza. Ningekuwa na meno ningekuoa."

"Ungekuwa na meno ungeoa msichana."

"Hilo kweli." Alisugua viganja, vilikuwa na malengelenge. "Ngoja uone kazi yangu. Wiki mbili. Tangu nianze useremala sijapata mti kama ule. Nimesema, hawa wenzangu wamevuja jasho miaka yote, siwezi kuwaandika kwenye plaiwudi kama tangazo la chips."

"Mungu akubariki, shemeji," alisema, na alimaanisha. Alidhani ameujengea mlango fremu.

Zikaja hotuba. Mfadhili Mkuu, mjukuu wa mwenye kiwanda, mzee mwenye suti nyepesi na sauti ya upole, akaongea juu ya urithi, juu ya mikono iliyojenga, juu ya familia moja. Watu wakapiga makofi. Kisha akashika ncha ya kitambaa, akavuta.

Ubao ulimeremeta hata ukawafanya watu wa mbele waseme "aah". Mti mwekundu, laini kama sahani, umepakwa vanishi mara tano. Juu, kwa herufi za dhahabu zilizochongwa, lilikaa jina la familia. Chini yake wafadhili wengine, wakubwa kwa wadogo. Chini kabisa, kwa herufi za kawaida, wanaojitolea, na miongoni mwao jina la Mama Nyuzi, limeandikwa bila kosa hata moja.

Aliyatafuta yale saba. Akaanza juu, akashuka, akapanda tena. Hakuyaona. Akawaza, labda yako nyuma. Akawaza, labda kuna ubao wa pili. Na wakati anawaza hivyo macho yake yakatua upande wa kulia, karibu na ukingo, kwenye kifundo cha mti kilichofanana na jicho la ng'ombe.

Aliona matundu ya bawaba, yamezibwa kwa vipande vya mti wa rangi ileile, kwa ustadi ambao mtu asiyeujua mlango ule asingeuona. Alitazama mahali pa komeo. Palikuwa laini. Alitazama chini, kimo cha mtu aliyepiga magoti. Hapo ndipo jina lake mwenyewe lilipochongwa.

"Umeona?" Fundi Randa alinong'ona. "Niambie neno, shemeji."

Lakini Meneja alikuwa anamwita kwenye kipaza sauti. "Na sasa, mwenzetu wa miaka mingi kuliko wote, mchambuaji wetu wa nne, Mama Nyuzi!"

Alitembea. Hakujua alivyofika. Karatasi ilibaki kifuani. Alisimama na gauni lake gumu na namba yake, akaunyooshea mkono ubao.

"Huu ni mlango," alisema.

Watu wa mbele wakageuza shingo kuutazama ubao.

"Huu ni mlango wa chumba cha kuchambulia. Komeo lake lilikuwa nje. Mama yangu alikuwa ndani. Walikuwa saba, na moto ulianza saa nne, na walipiga mlango huu kwa machanuo mpaka walipoishiwa pumzi. Alama zao zilikuwa hapa. Hapa! Nilizihesabu. Arobaini na moja. Mmezitoa. Mmeandika majina yenu juu yake."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwanamke wa mstari wa mbele akatoa leso. Simu zikainuliwa, kumi, ishirini. Meneja akasogea kwa tabasamu la kukaza taya na kunong'ona, "Mama, mwaka. Mwaka hausogei." Kipaza sauti kikaunasa mnong'ono ule, na watu wakacheka kwa raha, wakaona ni sehemu ya mchezo.

"Siigizi!" alipaza sauti Mama Nyuzi. "Jamani, siigizi!"

Ndipo makofi yalipolipuka. Walisimama. Mstari wa mbele, mstari wa pili, na nyuma kule. Siku zote alipovaa gauni lile alikuwa mtu wa kuigiza. Sasa, alipokuwa mtu mzima anayelia, gauni ndilo lililosikika. Aliitazama mistari ile ya viganja vinavyogongana na akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Ndiye aliyekunja uso mbele yao mara elfu na kusema, moto gani tena, bwana.

Mfadhili Mkuu akapanda jukwaani na kumkumbatia. Alinukia sabuni nzuri. Kwenye kipaza sauti akasema, "Mnaona kwa nini familia yetu inatoa? Vipaji kama hivi!" Kisha akakiweka kipaza sauti mbali, akamshika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole, na kumsogezea mdomo sikioni.

"Mlango ulikuwa wazi, mama," alisema kwa upole uleule. "Imeandikwa."

Katika watu mia mbili, ni huyo mmoja tu aliyeelewa kwamba hakuwa anaigiza.

*

Fundi Randa alimkuta nyuma ya banda, ameketi juu ya gurudumu tupu la kuzungushia kamba. Hakukaa. Alisimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Shemeji, niambie ulikuwa unaigiza."

"Ulipoukuta, upande wa ndani ulikuwaje?"

"Mweusi. Una makovu makovu, kama gogo la bucha. Nilidhani ni mlango uliogeuzwa ubao wa kukatia nyama wa ile kantini ya zamani. Nilimwuliza Meneja, akasema chochote cha ghalani ruksa. Nilikuta umefungwa vizuri. Nikasema aliyeufunga alijua thamani ya mti."

"Alijua."

"Ni wewe?"

Mama Nyuzi aliinamisha kichwa.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama? Miaka kumi na moja tunakunywa chai pamoja! Umenieleza mpaka jino lako lililong'olewa vibaya. Hili hukuniambia?"

"Niliogopa midomo."

"Mdomo wangu mimi?"

"Midomo yote."

Mzee akajifunika uso kwa viganja vyake vyenye malengelenge, kisha akavishusha na kuvitazama. "Yalikuwa yamezama," alisema polepole. "Yale makovu. Yalikuwa makaidi. Siku tatu nzima nilipiga randa, nikipita nayakuta, nikipita nayakuta. Nikawa nayatukana. Nilidhani ni mchinja nyama asiyejua kazi."

"Na zile alama za chini, zilizolala kushoto? Nne pamoja."

"Hizo zilikuwa za mwisho kutoka."

Kutoka ndani ya banda vilisikika vicheko na sahani.

"Komeo?"

"Fundi chuma amelifua upya. Ndizo zile ndoano zinazoubeba."

"Na maranda? Maranda yako wapi?"

Fundi Randa alielekeza kidole bandani. "Meneja alisema kitu cha zamani kisitupwe. Tumeyatia kwenye maboksi ya zawadi. Vikombe visivunjike."

Mama Nyuzi aliinuka. Kila aliyejitolea alikuwa amepewa boksi, na kwenye boksi kikombe chenye picha ya bomba la moshi na maneno ASANTE KWA KUIFANYA HISTORIA IISHI. Alilifungua lake palepale. Kikombe kilikuwa kimelazwa katika maranda mekundu yaliyojikunja kama nywele za mtoto, na katikati ya wekundu, vipande vyeusi.

Alipita meza kwa meza. Boksi kwa boksi. Alikunja pindo la gauni lake na kulifanya mfuko. Baadhi ya wenzake walikuwa wameshayamwaga. Mengine yalikuwa sakafuni, yamekanyagwa, yamelowa soda.

"Mama Nyuzi, unafuga kuku siku hizi?" alipiga kelele fundi chuma, na meza nzima ikaangua kicheko.

"Nipe tu, kaka."

"Chukua, chukua! Na ukipata mayai usitusahau."

Mwanamke anayeigiza mpishi wa kale, rafiki yake wa siku nyingi, alimpa lake na kumbana shavu. "Leo umetuua kabisa. Mimi nimelia mpaka wanja umetoka. Lile la 'siigizi' ulilipanga au limekuja lenyewe?"

"Limekuja lenyewe," alisema Mama Nyuzi.

Fundi Randa alimfuata nyuma, ameinama, anaokota yale ya chini ya viti. Watu walidhani anafagia, wakamnyanyulia miguu.

*

Nyumbani alifuta meza, akatandika shuka jeupe, akayamwaga. Jua la alasiri liliingia dirishani na kuyaonyesha yote. Binti yake aliporudi kutoka dukani alimkuta bado na gauni la kazi, miwani puani, anachambua: mekundu kushoto, meusi kulia.

"Mama, nini tena hii?"

Akamweleza, kwa maneno machache. Binti akaweka mifuko chini, akavuta kiti.

Walichambua pamoja. Randa ya mtu hodari hukata wembamba wa ngozi ya kitunguu. Kovu moja lenye kina cha kidole lilikuwa limegawanyika vipande ishirini, na kila kipande kina mfereji wake mdogo. Alama ambazo zilikuwa arobaini na moja zilikuwa sasa mamia. Kila walipolinyoosha ganda moja la maranda na kulibana kwa kidole, lilinyooka. Kidole kikiondoka, lilijikunja tena. Walijaribu kuyalowesha. Yalilainika, yakavunjika. Walijaribu kuyabana chini ya sahani. Binti akayainua moja moja kwenye mwanga na kuuliza, "Hili je? Hili linalala kushoto?" na Mama Nyuzi akalitazama kwa mbele, kwa nyuma, juu chini. Ukiligeuza, lililolala kushoto linalala kulia.

"Sijui," alisema. Na baada ya jingine, "Sijui." Na baada ya jingine.

Alikuwa amezijua miaka ishirini na mitatu kwa ncha za vidole, hata gizani, na sasa alikuwa na rundo mbele yake la kujaza ndoo, na hakuweza kusema hata kwa moja, huyu ni mama yangu.

"Tuwaandikie magazetini," binti alisema. Sauti yake ilikuwa na hasira ambayo mama yake alikuwa ameshaimaliza. "Twende kwa wakili. Fundi Randa atasema alichokiona."

"Atasema aliona ubao wa kukatia nyama. Ndicho alichokiona."

"Basi usirudi pale. Wabaki na mwaka wao. Usirudi hata siku moja."

Mama Nyuzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akairudisha. Aliangalia kalenda ukutani, ambayo bustani iliwagawia wote. Kesho kulikuwa na kundi la wageni, saa tatu na nusu, watu themanini.

"Nisipoenda watamweka mtu mwingine," alisema. "Namba hii wataivua na kumshonea msichana mmoja mchangamfu. Atajifunza maneno kwa siku mbili. Wakimwuliza habari ya moto atakunja uso na kucheka, na yeye hatakuwa anaigiza. Hatakuwa anajua."

"Na wewe ukiwapo kuna tofauti gani, mama? Nawe si utacheka?"

Swali halikuwa la ubaya. Lilikaa mezani pamoja na maranda.

"Nitacheka," alisema.

Akainuka, akavua gauni, akabaki na gauni la ndani na mikono yake myembamba. Alichukua sindano. Namba ilikuwa imeng'oka tena upande mmoja, pale Mfadhili Mkuu alipomkumbatia, na mbili ya mwisho ilikuwa inaning'inia. Binti alitaka kumpokea, akakataa. Alishona taratibu, akiuvuta uzi na kuukaza. Feni ilipogeuka upande wao maranda meusi yaliinuka kidogo, yakateleza juu ya shuka, na machache yakaanguka chini bila sauti. Hakuna aliyeinama kuyaokota.